Katuni ya sekunde 90 kwa wiki sita: nipangeje kazi, bei na mkataba?

mchoraji_temeke

Habari za kazi wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoongoza kazi za katuni wakiwa wenyewe, bila kuajiriwa na studio.

Shirika moja la afya linataka katuni ya sekunde 90 kuhusu kutibu maji ya kunywa nyumbani. Kuna wahusika wawili wanaozungumza, mama na mwanawe wa miaka tisa hivi, pamoja na msimulizi ambaye haonekani. Mandhari ni tano. Itaonyeshwa kwenye televisheni, YouTube na WhatsApp. Mimi ni mwongozaji na mchoraji, na ninaye msaidizi mmoja wa kuchezesha, yaani kuwatia wahusika mwendo. Tutatumia rigi za vipande, yaani mhusika aliyegawanywa viungo vinavyosogezwa, hatuchori kila fremu. Kwa programu, michoro ni OpenToonz, kukusanya na kurenda (kutoa picha za mwisho) ni Blender.

Mteja anataka wiki 6. Skripti wameileta wenyewe, imetafsiriwa kutoka Kiingereza, ina maneno 214. Rasimu ya mkataba ina mambo matatu yanayonikosesha usingizi: "marekebisho mpaka mteja aridhike", "faili zote za kazi ni mali ya mteja", na malipo yote kwa mkupuo siku 30 baada ya kukabidhi.

Je, wiki 6 zinatosha? Bei niipige vipi? Na katika huo mkataba nibadilishe nini bila kumfukuza mteja?

---

fundi_fremu

Mkuu, kabla hujagusa mkataba shughulika na skripti, kwa sababu hiyo skripti haiingii ndani ya sekunde 90.

Hesabu silabi, achana na maneno. Neno la Kiswahili katika maandishi ya kawaida lina silabi karibu 3. Kwa hiyo maneno 214 ni silabi 620 hivi. Msimulizi anayesomeka vizuri, mtazamaji akamwelewa mara ya kwanza, hutamka silabi 5 kwa sekunde. Hizo ni sekunde 124, na bado hujaweka pumzi, kichwa cha filamu, wala nembo ya mteja mwishoni. Kwa sekunde 90 lenga maneno 130. Yatachukua sekunde 75 au 76, na zile 14 zinazobaki ndizo picha itakazofanyia kazi yake bila maneno. Katuni inayosemwa mwanzo hadi mwisho inakuwa redio yenye picha.

Tafsiri ndiyo inayorefusha. Chukua sentensi kama "Ni muhimu kuhakikisha kwamba maji yako yamechemshwa kabla ya kuyanywa." Silabi 26, zaidi ya sekunde 5. Mama wa Kiswahili hamwambii mwanawe hivyo. Anamwambia "Chemsha maji kabla ya kunywa." Silabi 10, sekunde 2. Omba ruhusa ya kuandika upya mazungumzo, umrudishie mteja matoleo mawili ubavu kwa ubavu, kila mstari na sekunde zake. Mteja akiona sekunde anaelewa haraka kuliko ukimwambia kwamba Kiswahili chake si kizuri.

Sasa muda. Orodhesha kazi kwa siku za mtu mmoja. Kwa ukubwa ulioueleza mimi ningeziweka hivi: skripti 2, ubunifu wa wahusika 4, storibodi (michoro ya shoti moja moja kwa mfuatano) 4, animatiki (nitaieleza chini) 3, kurekodi sauti 1, mandhari 5, rigi 4, kuchezesha 18, kukusanya na kurenda 4, sauti na muziki 2, matoleo ya kukabidhi 1, vikao na barua pepe 3. Jumla siku 51. Hizo 18 za kuchezesha ni sekunde 5 kwa siku, ambayo ni kasi ya haki kwa rigi nyepesi ya vipande. Ungekuwa unachora kwa mkono, mchoro mmoja kwa fremu mbili, usingepata zaidi ya sekunde 1 au 2 kwa siku na mjadala ungekuwa mwingine kabisa.

Wiki 6 ni siku za kazi 30. Watu wawili, siku 60. Inaonekana una siku 9 za ziada, lakini sivyo. Mteja ataidhinisha mara tatu: wahusika, storibodi, animatiki. Ukimpa siku 3 kila mara, ni siku 9 za kungoja, na mnangoja wawili, kwa hiyo siku 18 za kazi. Wakati wa kungoja mnaweza kutengeneza rigi na mandhari ambazo tayari zimekubaliwa, siku 9. Nyingine 9 zimekwenda. 60 toa 9 ni 51. Umebaki na sifuri: hakuna siku ya umeme kukatika, hakuna siku ya msaidizi kuumwa, hakuna siku ya marekebisho.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: hazitoshi kwa sekunde 90. Mpe mteja machaguo mawili, wiki 8 kwa sekunde 90, au wiki 6 kwa sekunde 70. Sekunde 20 zikipungua unaokoa siku 4 za kuchezesha, na mara nyingi unaokoa mandhari moja nzima pamoja nazo.

Kitu ambacho usikubali kukipunguza ni animatiki. Animatiki ni storibodi iliyopangwa juu ya sauti, kila picha na muda wake kamili wa fremu, nawe umeiweka katika video ambayo mteja anaitazama toka mwanzo hadi mwisho. Kuhamisha picha kwenye animatiki ni dakika 10. Kuhamisha shoti hiyo hiyo ikiwa imeshachezeshwa, imetiwa rangi na kukusanywa ni siku 2. Filamu yako ya katuni unaihariri pale, si mwishoni. Na sauti iliyomo kwenye animatiki ya kuidhinishwa iwe sauti ya mwisho ya waigizaji, si yako uliyojirekodi kwa simu kwa muda. Mwigizaji akija baadaye akatamka mstari kwa sekunde 3.4 pale ulipopanga 2.6, kila pozi lililofuata limehama mahali pake.

Weka fremu 25 kwa sekunde tangu faili la kwanza, maana televisheni zetu ni za 25. Ukianza kwa 24 halafu ukabadilisha, picha inaenda haraka kwa asilimia 4 na sauti inapanda, au programu inarudia fremu moja kila sekunde na kamera yako inayotembea polepole inaonekana inakwaruza.

---

hesabu_kwanza

Nakubaliana na @fundi_fremu kwenye muda. Mimi naongezea pesa.

Bei usiipige kwa sekunde. Bei ya sekunde inaficha kila kitu: sekunde 5 za mama amesimama akizungumza na sekunde 5 za watoto sita wakikimbilia bombani si kazi moja. Piga kwa siku, halafu mwisho kabisa ndipo ugawanye upate bei ya sekunde kama mteja anaitaka kwa ajili ya fomu zake.

Siku yako ina thamani gani? Jumlisha unachohitaji kwa mwaka: maisha, kodi ya nyumba, intaneti, kalamu ya kuchorea na kompyuta ya kubadilisha kila baada ya miaka minne, kodi ya serikali, bima. Gawanya kwa siku utakazolipwa, siyo siku 260 za kazi. Anayejitegemea anatumia siku nyingi kutafuta kazi, kuandika mapendekezo, kufuatilia madeni, na kama anatengeneza filamu yake fupi, hizo nazo hazilipwi na mtu. Siku 130 za kulipwa kwa mwaka ni makadirio ya mtu mwangalifu. Mfano wa hesabu tu, weka tarakimu zako: shilingi 26,000,000 kwa siku 130 ni 200,000 kwa siku.

Zile siku 51 tuseme wewe una 29 na msaidizi 22 kwa 100,000. Ni 5,800,000 na 2,200,000, jumla 8,000,000. Waigizaji wa sauti na chumba cha kurekodia 600,000. Muziki wa kutungiwa 500,000. Tumefika 9,100,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, 910,000. Kotesheni ni 10,010,000. Ile dharura usiionyeshe kama mstari peke yake, kwa sababu mhasibu wa mteja ataikata kwanza. Isambaze ndani ya kazi.

Kumbuka kodi ya zuio. Kwa Tanzania mteja anayekulipa huduma anakata asilimia 5 kwa mkazi na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Kwa mfano huu ni 500,500, kwa hiyo benki utaona 9,509,500. Hiyo pesa haijapotea, ni kodi yako iliyolipwa mapema, lakini ni mpaka upate cheti cha zuio. Dai cheti kila unapolipwa awamu, usingoje Juni. Shirika likishafunga mradi, wafanyakazi wake hutawanyika na hutampata wa kukutolea.

Mkataba sasa. "Mpaka mteja aridhike" ifutwe. Weka hivi: raundi 2 za marekebisho kwenye wahusika, 2 kwenye storibodi, 2 kwenye animatiki, na 1 kwenye katuni iliyokamilika, ambayo ni ya makosa tu: rangi isiyo sahihi, jina lililoandikwa vibaya, mkono unaopita katikati ya ndoo. Mabadiliko ya skripti, ya wahusika au ya mpangilio baada ya animatiki kuidhinishwa yanalipiwa kwa siku, na bei ya siku iandikwe humo humo. Raundi moja maana yake ni orodha moja iliyoandikwa, imetoka kwa mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo chake katika mkataba. Bila sharti hilo utapata maoni ya afisa mawasiliano Jumatatu, ya daktari Jumatano, ya mfadhili wiki inayofuata, nayo yanapingana.

Siku za mteja kujibu: 3 za kazi. Akichelewa, tarehe ya kukabidhi inasogea siku kwa siku. Hili ndilo wengi hawaliandiki, na ndilo linalowafanya wakeshe usiku wiki ya mwisho kulipia uchelewaji ambao si wao walioufanya.

Malipo: asilimia 40 wakati wa kusaini, 30 animatiki ikiidhinishwa, 30 kabla ya kukabidhi faili safi lisilo na alama. Mashirika mengi yana utaratibu wa kutolipa chochote kabla ya "kazi kuonekana." Basi wape kazi ya kuonekana: awamu ya kwanza iwe ni skripti mpya na michoro ya wahusika, uikabidhi ndani ya siku 5. Andika pia ada ya kusitisha. Mradi ukifutwa katikati, awamu iliyoanza inalipwa yote.

Mteja akiwa nje ya nchi, kwenye ankara andika kwamba gharama za uhamisho wa benki ni za mlipaji, na umwambie achague "OUR" kwenye fomu ya benki yake. Akichagua "SHA," benki za katikati zinakata kila moja chake na kiasi kinachofika hakilingani na ankara.

---

storibodi_ya_nairobi

Hamjambo. Kuhusu faili za kazi na haki, kwa vile hapo ndipo wachoraji wengi wanaumia.

Kuna vitu vitatu ambavyo rasimu ya mteja imevichanganya. Kwanza ni filamu iliyokamilika: hiyo mpe, na haki ya kuionyesha popote, milele akitaka. Pili ni faili za kazi, yaani rigi, michoro yenye matabaka, mafaili ya mradi. Hizo ni zana zako. Tatu ni hakimiliki ya wahusika wenyewe: nani anaweza kuwatengenezea kitabu, mchezo, au msimu wa pili.

Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako inachukuliwa kuwa imehamishiwa kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ukikaa kimya, umetoa. Hata kama uko upande wa Tanzania usitegemee ukimya, andika kifungu cha haki kwa maneno yaliyo wazi, na useme haki zinahama siku malipo ya mwisho yanapoingia, si siku ya kusaini.

Kwa maoni yangu, usikatae kabisa kuuza faili za kazi. Shirika la afya lina sababu ya kweli ya kuzitaka: mwaka ujao watahitaji toleo la lugha nyingine, na wanaogopa kwamba hutapatikana. Wape bei yake, iwe mstari wa pekee, kati ya asilimia 30 na 50 ya bei ya kazi. Au wape kitu rahisi kinachotatua shida yao hasa: filamu bila maandishi kwenye picha, na sauti katika mafaili matatu tofauti, yaani maneno, muziki na milio. Kwa vitu hivyo mtu yeyote anaweza kurekodi Kiluo au Kimakonde juu yake, bila kugusa rigi yako. Hilo ningelitoa bure. Ni dakika 20 za kurenda, na mteja anaacha kung'ang'ania kile kifungu.

Kwa kodi upande wa huku, zuio la ada za kitaalamu kwa mkazi ni asilimia 5 pia, VAT ni asilimia 16 kwa aliyesajiliwa, na ankara itoke eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, la sivyo mhasibu wa mteja ataikataa.

Waigizaji wa sauti nao wasaini karatasi. Iseme sauti itatumika katika filamu hii na matoleo yake mafupi, na iseme waziwazi kama inaruhusiwa au hairuhusiwi kufundishia kompyuta kuiga sauti hiyo. Mtoto asainiwe na mzazi.

---

mdomo_na_irabu

Nimeona umesema wahusika wawili wanazungumza na hakuna aliyegusa midomo. Naingia hapo, maana Kiswahili kina utaratibu wake na seti za midomo zinazosambaa mtandaoni zimetengenezwa kwa Kiingereza.

Seti ya midomo kumi inakutosha. Uliofungwa kwa m, b, p. A, wazi kabisa. E, nusu wazi na umepanuka. I, mwembamba, meno yanaonekana. Huo huo unabeba s na z. O, duara. U, duara dogo lililosogea mbele. Huo huo ni w. Meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Ulimi juu kwa l, n, d, t, r. Ulimi kati ya meno kwa th na dh, kama "thamani" na "dhahabu". Na mdomo wa kupumzika. Kwa sh, ch na j tumia ule wa I ulioviringwa kidogo. Katika rigi ni kusogeza pembe mbili tu. K, g, h, gh na ng' hazionekani midomoni. Ziruke, nenda moja kwa moja kwenye irabu inayofuata.

Tatizo la Kiswahili ni kwamba karibu kila silabi inaishia na irabu. Ukichezesha kila silabi, mdomo unafunguka na kufunga kwa mdundo mmoja kama kuku anadona. Kwa silabi 5 kwa sekunde na fremu 25, kila silabi ina fremu 5. Ukibadilisha mdomo kila fremu mbili, una nafasi ya midomo miwili tu kwa silabi. Kwa hiyo chagua. Mdomo uliofungwa wa m, b na p usiuruke kamwe, mtazamaji anagundua papo hapo. Irabu ya silabi yenye mkazo ipe upana wake wote. Silabi nyepesi zilizo kati uzipitishe kwa umbo moja la nusu wazi.

Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ni zawadi kwa mchezeshaji. "Funika ndoo, mwanangu": fu-NI-ka NDO-o mwa-NA-ngu. Ishara ya mkono itue kwenye NI, kichwa kiinamie NA. Pozi lifike fremu 2 au 3 kabla ya sauti yake. Mdomo ufunguke fremu 1 kabla. Mkono ukitua sawasawa na sauti unaonekana umechelewa. Na "ndoo" isichezeshwe o mbili. Shikilia O moja kwa muda wote, labda uikaze kidogo katikati.

Angalia pia m inayosimama kama silabi. Katika "mtoto", m ni silabi kamili, midomo ikae imefungwa fremu 3 au 4. Katika "mbali", m na b ni kitu kimoja, fremu 1 au 2 kisha A. Neno "mbu" lina silabi mbili na mkazo uko kwenye m yenyewe. "Nchi" nayo ina n ya silabi, lakini midomo haifungwi, ulimi ndio unaopanda. Programu za kiotomatiki hazijui tofauti hii. Rhubarb Lip Sync ni ya bure na ina namna ya kutambua sauti pasipo kutegemea maneno ya Kiingereza, itumie hiyo, iipe faili la sauti (WAV) la mwigizaji mmoja mmoja bila muziki. Itakupa rasimu inayookoa saa kadhaa. Halafu pita mwenyewe ukisahihisha zile m na mikazo.

Rekodi kila mhusika kwenye faili lake, 48 kHz, biti 24, kila mstari mara tatu: wa kawaida, wa polepole, na wa namna anayoipenda mwigizaji. Ule wa tatu ndio mara nyingi unaoingia kwenye filamu. Mpigie picha ya video usoni wakati anarekodi, hata kwa simu. Nyusi zake zitakufundisha mama huyo anaonya au anabembeleza.

---

mchoraji_temeke

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Nimeshaanza kukata skripti, niko kwenye maneno 138.

Nyongeza mbili. Mteja ameomba pia toleo la wima kwa ajili ya simu. Na msaidizi wangu yuko Morogoro, anatumia intaneti ya vifurushi. Nifanyeje ili kazi yake isirudi mara kwa mara, na tusimalize vifurushi kwa kutumiana mafaili?

---

fundi_fremu

Maneno 138 yanaingia, ila ukate mengine matano kwenye ile sehemu ya mwisho ambapo nembo inatokea.

Toleo la wima liamuliwe sasa, kwenye storibodi. Ndani ya picha ya 1920 kwa 1080, kipande cha wima cha 9 kwa 16 ni upana wa pikseli 608 tu. Mama upande mmoja na mtoto upande wa pili hawawezi kuingia humo. Njia mbili: ama kila shoti uichore tendo likiwa katikati, na filamu pana inakuwa imepooza, ama uchore wahusika na mandhari katika matabaka, mandhari yawe marefu kwenda juu na chini kuliko fremu, halafu upange upya kila shoti kwa wima. Ninapendelea ya pili. Ongeza siku 3 za kazi na uzitoze. Ni toleo jipya, siyo kukata kando kando.

Maandishi kwenye picha yakae mbali na kila ukingo kwa asilimia 5 angalau, yaani pikseli 96 pembeni, 54 juu na chini. Kwenye simu ya wima acha nafasi zaidi chini, vitufe vya programu vinafunika.

Msaidizi: mpe shoti, usimpe "sehemu." Namba za shoti ziende kwa makumi, sh010, sh020, ili ukiongeza shoti katikati iwe sh015 na usibadilishe majina. Jina la faili: maji_sh040_kuchezesha_v003. Lisiwepo hata faili moja linaloitwa "mwisho". Kila shoti apewe vitu vitatu: kipande cha animatiki chenye namba za fremu juu ya picha, sauti ya shoti hiyo tu, na sentensi moja ya nia. "Mtoto anataka kunywa haraka, anamtazama mama kabla ya kugusa kikombe." Nia ndiyo inayozuia kazi kurudi. Mchezeshaji akijua mhusika anataka nini, hata pozi ambalo hukulichora atalipata.

Aanze kwa pozi kuu tu, bila michoro ya katikati, akutumie. Urekebishe hapo. Kisha mwendo, kisha midomo mwisho. Maoni yako yawe na namba ya fremu na mchoro uliochorwa juu ya fremu yake: "fremu 62, uzito uhamie mguu wa kushoto kabla ya kuinua ndoo." Ukiandika "ndoo haina uzito" atakisia. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20 hivi. Mwili unainama upande wa pili, bega linashuka, na hatua ni fupi. Mwonyeshe kwa mistari minne.

Mafaili: mtumie rigi na mandhari mara moja tu, kila mmoja aweke kwenye folda yenye mpangilio uleule, na viungo vya faili viwe vya kufuata folda ya mradi, si vya kutaja diski. Hapo baadaye mnatumiana faili la shoti peke yake, dogo. Video ya kukagua iwe 640 kwa 360. Sekunde 5 hazifiki MB 1. Mandhari anaweza kufanyia kazi toleo la robo ukubwa. Unaunganisha makubwa wewe wakati wa kurenda.

---

hesabu_kwanza

Kurenda na kukabidhi, kwa ufupi.

Sekunde 90 ni fremu 2,250. Kwa sekunde 20 kila fremu ni saa 12 na nusu. Kwa dakika 2 ni saa 75. Renda shoti tatu za majaribio mapema uijue tarakimu yako. Toa picha za PNG moja moja, usirende video moja kwa moja: umeme ukikatika kwenye fremu ya 1,900, video haifunguki kabisa, ila PNG 1,899 ziko salama. Kwenye Blender zima chaguo la kuandika juu ya faili zilizopo, ukianzisha tena itaendelea na zilizokosekana. Kabla ya kuanzisha, panga folda kwa ukubwa ufute mafaili yenye baiti 0 na ile ya mwisho iliyoandikwa nusu. Usipozifuta itaziruka ikidhani zimekamilika, nawe utakuwa na fremu nyeusi katikati ya filamu.

Matoleo: asili ya kuhifadhi ProRes 422 HQ (aina ya video ya ubora wa juu), 1920 kwa 1080, fremu 25. Televisheni, uliza kituo kabla. Kiwango cha sauti kinachotumika sana ni LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), kilele kisizidi dBTP -1. YouTube video ya H.264 na sauti karibu na LUFS -14. Tengeneza michanganyo miwili ya sauti, ule wa televisheni kwenye simu unasikika umefifia. WhatsApp, 1280 kwa 720, faili chini ya MB 16: kwa sekunde 90 weka picha kilobiti 1,200 kwa sekunde na sauti 128, utapata karibu MB 15. Anga lenye rangi inayofifia polepole litatoka na mistari kwa kiwango hicho, basi anga ulichore kwa rangi bapa mbili au tatu tangu kwenye mandhari.

Na ukipenda kazi hii ikae kwenye tamasha la filamu baadaye, hifadhi zile PNG. DCP, yaani kifurushi cha filamu cha kuonyeshea ukumbini, inatengenezwa kwa programu ya DCP-o-matic, ni ya bure, na inakula picha hizo moja kwa moja. Fremu 25 inazikubali, lakini waulize tamasha; kumbi nyingine zinataka 24, na hapo unapunguza mwendo kwa asilimia 4 na kurekebisha sauti irudi kimo chake.